Kazi ya Nyimbo katika Kusimulia: Penzi la Guy na Geneviève katika Filamu ya Miavuli ya Cherbourg

Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, kabla hujaendelea kusoma, chukua kalamu na karatasi. Jibu swali hili kwa dakika mbili: Nyimbo zina kazi gani katika kazi ya fasihi?

Nimeuliza swali hili darasani kwa miaka kadhaa sasa, na majibu ninayopata yanafanana sana. "Zinaburudisha." "Zinapamba kazi." "Zinamwondolea msomaji uchovu." Huenda na wewe umeandika mojawapo. Majibu hayo si ya uongo, ila hayakupatii alama nyingi, kwa sababu yanaweza kusemwa kuhusu wimbo wowote katika kitabu chochote. Anayesahihisha anataka kuona kama umeelewa wimbo huu, mahali hapa ulipowekwa, umefanya jambo gani ambalo mazungumzo ya kawaida yasingeweza kulifanya.

Ili tujifunze jambo hilo vizuri, tutatumia filamu moja ya Ufaransa inayoitwa Les Parapluies de Cherbourg, yaani Miavuli ya Cherbourg. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake kila neno linaimbwa, kuanzia salamu hadi ugomvi. Hakuna sentensi hata moja inayosemwa kwa sauti ya kawaida. Pili, hakuna aliyekuandikia notisi za filamu hii ili uzikariri. Utalazimika kufikiri mwenyewe, na huko ndiko kujiandaa kwa mtihani.

TAHADHARI: Filamu hii si kitabu teule. Usiitaje katika jibu linalokutaka utumie vitabu ulivyosoma darasani. Itumie kama uwanja wa mazoezi, kisha hamishia ujuzi utakaoupata kwenye tamthiliya zako.

Filamu ilitoka mwaka 1964. Aliyeiandika na kuiongoza ni Jacques Demy, na muziki ulitungwa na Michel Legrand. Mwaka huohuo ilipata tuzo kuu katika tamasha la filamu la Cannes. Urefu wake ni saa moja na nusu hivi. Nyimbo zote zilirekodiwa kabla ya kupiga picha, na sauti ni za waimbaji wengine. Kwa hiyo mwigizaji Catherine Deneuve, anayeonekana kama Geneviève, anafuatisha kwa midomo sauti ya mwimbaji Danielle Licari. Cherbourg ni mji wa bandari, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, wenye mvua nyingi. Filamu inaanza kwa mvua hiyo: tunatazama barabara kutoka juu, miavuli ya rangi mbalimbali inapita, na chini yake yanasikika mahadhi ambayo yatatufuata hadi mwisho. Yakumbuke mahadhi hayo.

Muhtasari wa hadithi

Kimuundo, hadithi imegawanyika katika sehemu tatu zenye majina, pamoja na tukio fupi la kumalizia. Muundo wake ni wa moja kwa moja, yaani matukio yanafuatana kwa mpangilio wa wakati.

Sehemu ya kwanza: Kuondoka (kuanzia Novemba 1957). Guy ni kijana fundi magari katika gereji. Anaishi na shangazi yake mgonjwa, Élise, ambaye ndiye aliyemlea. Shangazi huyo anahudumiwa na msichana mpole anayeitwa Madeleine. Guy anampenda Geneviève, msichana ambaye bado hajafika miaka ishirini. Geneviève anaishi na mama yake, Bi Emery, na wote wawili wanaendesha duka la miavuli. Mama hataki uhusiano huo; kwa maoni yake, binti bado mdogo na kijana hana kitu. Wakati huo Ufaransa inapigana vita nchini Algeria, na vijana wanaitwa jeshini kwa lazima. Guy anaitwa kwa miaka miwili. Wanaahidiana kusubiriana, wanakaa pamoja usiku mmoja, kisha wanaagana kwenye stesheni ya treni.

Sehemu ya pili: Kutokuwepo (kuanzia Januari 1958). Geneviève ana mimba. Barua za Guy ni chache. Duka lina madeni ya kodi; kabla Guy hajaondoka, mama alipokwenda kuuza mkufu wake wa lulu kwa sonara, walikutana na Roland Cassard, mfanyabiashara wa vito mwenye fedha na adabu. Roland anampenda Geneviève. Hata anapoiona mimba habadilishi nia yake. Anasema watamlea mtoto pamoja. Geneviève anakubali, wanafunga ndoa kanisani, na anaondoka Cherbourg.

Sehemu ya tatu: Kurudi (kuanzia Machi 1959). Guy anarudi akichechemea kwa jeraha la vita. Duka la miavuli limekwisha kuuzwa. Anashindwa kutulia kazini, anaacha gereji, anakunywa pombe. Shangazi Élise anafariki. Kwa urithi aliomwachia, Guy ananunua kituo cha mafuta, na anamwoa Madeleine.

Tamati (Desemba 1963). Ni usiku wa mkesha wa Krismasi na theluji inaanguka. Gari la kifahari linaingia kwenye kituo cha Guy. Ndani yuko Geneviève na binti yake. Tutarudi kwenye tukio hili baadaye.

Sasa tazama. Ukisoma muhtasari huu peke yake, utaona hadithi ya kawaida: msichana aliahidi kusubiri, hakusubiri. Vijiweni habari za namna hii husimuliwa kwa sentensi mbili na hukumu hutolewa hapohapo. Kinachoifanya hadithi hii kuwa kazi ya sanaa ni namna muziki unavyotuzuia tusihukumu haraka.

Kazi tano za muziki katika filamu hii

1. Muziki unaweka mtindo wa kazi

Tukio la kwanza liko kwenye gereji. Guy anamaliza kazi, anaongea na mteja kuhusu injini, na yote hayo yanaimbwa. Mafundi wanaoga mikono huku wakiimba mipango yao ya jioni. Guy anasema anakwenda kutazama opera, na mmoja wa wenzake anajibu kwamba yeye opera haipendi kwa sababu ya watu kuimba muda wote. Naye anayasema hayo kwa kuimba.

Nilipowaonyesha wanafunzi wangu filamu hii, walicheka kwa dakika kumi nzima. Mmoja aliuliza kama fundi akiibiwa spana ataimba pia. Sikuwakataza kucheka. Mwandishi mwenyewe amekutega ucheke, kisha uzoee. Ukishazoea, hutasubiri tena "wakati wa wimbo" kama kwenye filamu nyingine ambazo watu wanaongea, wanasimama, wanaimba, halafu wanaendelea kuongea. Hapa maisha yote ni wimbo, yaani deni la kodi, chakula cha usiku na bei ya mkufu. Mtunzi anatuambia kwamba maisha ya fundi wa gereji na muuza miavuli yanastahili muziki sawa na maisha ya wafalme.

Zingatia: Ukieleza kipengele cha mtindo, usiishie kusema "mwandishi ametumia nyimbo". Eleza zimetumika kwa kiasi gani, mahali gani, na zimemfanyia nini mtazamaji au msomaji.

2. Muziki unabeba ahadi

Guy anampa Geneviève habari za kuitwa jeshini, na hapo yanaingia kwa nguvu yale mahadhi ya mwanzo wa filamu. Maneno ya Geneviève ni mepesi, ya kitoto karibu: hawezi kuishi bila yeye, atakufa akiondoka. Ukiyaandika kwenye karatasi, unaweza kusema huyu binti anatia chumvi. Lakini mahadhi yanapanda taratibu, yanashuka, yanarudi palepale, kama mtu anayekataa kuachia mkono wa mwenzake.

Kwenye stesheni wanaimba mahadhi hayohayo. Maneno sasa yamepungua, yamebaki ya kusema tu kwamba wanapendana, tena na tena. Treni inapoondoka, kamera inakwenda nayo. Geneviève anabaki kwenye jukwaa la stesheni akizidi kuwa mdogo, mpaka anapotea. Wanafunzi waliokuwa wakicheka gereji walikuwa wamenyamaza.

Mbinu iliyotumika hapa unaifahamu, ni takriri. Katika ngano ulizosimuliwa utotoni, wimbo mmoja hurudi mara tatu au nne, na kila unaporudi una uzito zaidi kwa sababu wewe msikilizaji umeshajua mambo mengi zaidi. Legrand anatumia njia hiyohiyo. Tangu stesheni, mahadhi haya yamekuwa mkataba kati ya wapenzi wawili, na kila yatakaposikika tutaukumbuka mkataba huo, hata kama wenyewe hawautaji.

3. Muziki unaonyesha muda na umbali

Vita haionyeshwi hata mara moja. Hatuoni bunduki, hatuioni Algeria. Tunachokiona ni dukani, msichana anayesubiri posta. Barua ya Guy inapofika, Geneviève ndiye anayeiimba. Yaani hata sauti ya Guy hatuisikii. Imepotea pamoja naye. Huo ni uamuzi wa kifani wenye maana kubwa, kwa sababu mtu aliye mbali husikika tu kupitia mdomo wa aliyebaki.

Baadaye Geneviève anakiri jambo linalomtisha yeye mwenyewe. Anaitazama picha ya Guy na anahisi kwamba uso wake halisi unamtoka akilini. Anasema kwa mshangao kwamba aliamini angekufa kwa ajili yake, na bado yuko hai. Nje ya duka, siku hiyo, ni sikukuu. Watu wamevaa vinyago, wanarusha vipande vya karatasi za rangi na kucheza. Ndani kuna huzuni, nje kuna shangwe, na ukuta unaozitenga ni kioo cha duka tu.

Waswahili tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Filamu haikanushi methali hiyo, lakini inatuonyesha upande wa fimbo yenyewe: haikutaka kuwa mbali, kuna aliyeitupa huko.

4. Muziki unamfunua mhusika

Roland angeweza kuchorwa kama tajiri anayenunua msichana. Mtahiniwa mvivu atamwandika hivyo. Sikiliza anavyoimba. Anapomweleza Bi Emery kwamba aliwahi kumpenda mwanamke aitwaye Lola akamkosa, mahadhi anayoyatumia yanatoka katika filamu nyingine ya Demy iitwayo Lola, ya mwaka 1961. Humo mwigizaji huyohuyo, Marc Michel, ndiye Roland, na muziki ni wa Legrand huyohuyo.

Kwa hiyo Roland anaingia dukani akiwa tayari amebeba wimbo wa penzi lake lililovunjika. Anajua kuachwa kunavyouma. Ndiyo maana anapoiona mimba hamtukani Geneviève wala hamdharau. Ni mtu mwema anayefika wakati ambao wema wake utamuumiza mtu mwingine asiyemjua.

Zingatia: Mhusika hafunuliwi kwa matendo na maneno yake tu. Katika kazi yenye nyimbo, jiulize: Huyu anaimba nini? Wimbo wake unafanana na wa nani? Nani hana wimbo wake mwenyewe?

5. Muziki unajenga kinaya

Sasa turudi kwenye mkesha wa Krismasi wa mwaka 1963. Madeleine ametoka na mtoto wao wa kiume, François, kwenda kutazama mapambo ya madukani. Gari la Geneviève linaingia. Hakujua kwamba kituo ni cha Guy. Wanaingia ofisini kukwepa baridi. Wanaongea kama watu wawili wanaofahamiana kidogo. Mama yake amefariki. Hii ni mara yake ya kwanza kurudi Cherbourg tangu aolewe. Kijana wa kituo anaingia kuuliza aweke mafuta ya aina gani. Geneviève anasema mtoto aliyeko garini anaitwa Françoise, na kwamba amefanana sana na baba yake. Je, Guy angependa kumwona? Guy anakataa kwa upole, na kumwambia anaweza kwenda.

Geneviève anamuuliza Guy kama yuko salama. Guy anajibu kwamba yuko salama. Gari linaondoka, Madeleine na mtoto wanarudi, Guy anamkumbatia mkewe na kucheza na mwanawe kwenye theluji. Basi.

Angalia majina: Françoise na François. Walipokuwa wapenzi, Geneviève aliwahi kumwambia Guy kwamba wakipata binti atamwita Françoise. Kila mmoja ameenda na jina hilo kwenye nyumba yake mpya. Hakuna anayelieleza, limewekwa tu hapo kama ishara.

Sikiliza pia kinachopigwa wakati huo. Ni yale mahadhi ya stesheni, mahadhi ya kutoweza kuishi bila mwenzako. Yanaanza chinichini wanapozungumzia mafuta na hali ya hewa, kisha yanakua, kwaya inaingia, na yanafikia kilele chake wakati gari limeshaondoka na kila mmoja amerudi kwa familia yake. Wimbo wa kutoweza kuishi bila wewe unavuma kwa sauti kubwa kuliko wakati wowote, kwa watu wawili ambao wameweza.

Hicho ndicho kinaya. Maneno yanasema "niko salama", nayo yanasema kweli. Mahadhi yanasema "sijasahau", nayo yanasema kweli. Mazungumzo ya kawaida yana njia moja tu kwa wakati mmoja. Wimbo una njia mbili, maneno na mahadhi, na mbili hizo zinaweza kupishana. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: wamefunga midomo, na muziki ndio umekohoa.

Hapa ndipo lilipo jibu la lile swali la mwanzo. Wimbo katika kazi ya fasihi unaweza kusema lile ambalo mhusika hataki, hawezi, au hana haki tena ya kulisema.

Kosa la kawaida: kumtafuta mkosaji mmoja

Filamu ilipokwisha, darasa langu liligawanyika. Wavulana wengi walisema Geneviève ni msaliti. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha alisimama akauliza, "Mimba ingekua miaka miwili ikimsubiri?" Hakuna aliyemjibu. Kisha mvulana mwingine, ambaye kaka yake anafanya kazi mbali na nyumbani, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata anayeondoka naye huwa anasubiri. Nilifuta ubao, nikawaambia waandike sababu zote za penzi hilo kuvunjika, na kila sababu iwe na tukio la kuithibitisha. Haya ndiyo tuliyopata:

(a) Vita. Guy hakuchagua kuondoka. Vita ya Algeria ilianza mwaka 1954 na kuisha mwaka 1962, na vijana wengi wa Ufaransa walipelekwa huko kwa lazima. Hatupaswi kusahau kwamba upande wa pili walikuwepo Waalgeria waliokuwa wakipigania uhuru wa nchi yao. Serikali ya Ufaransa ilikataa kwa miaka mingi kuiita vita kwa jina hilo. Ilikubali rasmi mwaka 1999. Demy aliitaja katika filamu ya mapenzi mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya kuisha.

(b) Uchumi. Deni la kodi ndilo lililompeleka Bi Emery kwa sonara, na huko ndiko walikokutana na Roland. Bila deni, hakuna Roland.

(c) Nafasi ya mwanamke katika jamii. Msichana mwenye mimba bila ndoa, mwaka 1958, katika mji mdogo, alitazamwa vibaya. Mama yake anaona aibu na anaona hatari. Geneviève anaamua akiwa amebanwa kila upande.

(d) Ukimya. Barua ni chache. Mama anautumia ukimya huo kumshawishi binti yake kwamba amesahauliwa.

(e) Umri. Walipoahidiana walikuwa wadogo, na ahadi ilikuwa kubwa kuliko uzoefu wao.

Ona kwamba hakuna mhusika mwovu. Katika tanzia nyingi mhusika mkuu hufa, au huangushwa na adui. Hapa wapenzi wote wawili wanabaki hai, wana ndoa, wana watoto, na pengine wana furaha ya kutosha. Kilichokufa ni uwezekano mmoja tu. Ndiyo maana huzuni yake ni ngumu kuieleza kwa maneno, na ndiyo maana mtunzi aliikabidhi kwa muziki.

Kumbuka hili unapojibu maswali ya migogoro: mgogoro wa kijamii huingia ndani ya nyumba na kuonekana kama mgogoro wa kimapenzi. Kazi yako ni kuufuatilia mpaka chanzo chake.

Swali la mfano

"Nyimbo katika kazi ya fasihi ni zaidi ya pambo." Thibitisha kauli hii kwa kutumia hoja na mifano.

Jibu dhaifu (hoja moja): Nyimbo hutumika kuonyesha hisia. Kwa mfano Guy na Geneviève wanaimba wakati wa kuagana na hii inaonyesha wana huzuni. Pia nyimbo huburudisha hadhira.

Jibu zuri (hoja moja): Nyimbo huibua kinaya kati ya yale mhusika anayoyasema na yale anayoyahisi. Katika tukio la mwisho, Guy na Geneviève wanazungumza kwa maneno machache ya adabu na kuagana bila kulia. Hata hivyo, mahadhi yanayosikika ni yaleyale waliyoyaimba stesheni walipoahidiana kutoachana. Kwa kuwa hadhira imeshayasikia, inatambua kwamba kumbukumbu ya penzi bado ipo ingawa wahusika hawaitaji. Hivyo wimbo umewasilisha dhamira ya nguvu ya kumbukumbu bila mhusika yeyote kuieleza kwa maneno.

Tofauti iko wapi? Jibu zuri lina hatua nne. Zikariri hatua, usikarirI sentensi:

1. Hoja: taja kazi ya wimbo kwa jina lake.
2. Tukio: sema wimbo uko wapi, nani anaimba, na nini kimetangulia.
3. Ufafanuzi: eleza wimbo umeongeza nini ambacho maneno peke yake yasingekiongeza.
4. Uhusiano: funga kwa kuonyesha dhamira au ujumbe unaojengwa.

Watahiniwa wengi huishia hatua ya pili. Wanasimulia tukio vizuri kabisa, halafu wanaruka kwenda hoja inayofuata. Alama zao huachwa hapo katikati, kwenye hatua ya tatu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini barua ya Guy inaimbwa na Geneviève na si Guy? Toa sababu mbili.
2. Eleza jinsi muundo wa sehemu tatu (Kuondoka, Kutokuwepo, Kurudi) unavyosaidia kujenga dhamira ya mapenzi na utengano.
3. "Roland ni chanzo cha kuvunjika kwa penzi la Guy na Geneviève." Jadili kwa hoja tatu za kukubali au kupinga.
4. Guy anakataa kumwona Françoise. Je, huo ni ukatili, woga, au heshima kwa mke wake? Tetea msimamo wako kwa ushahidi.
5. Chagua wimbo mmoja katika tamthiliya au riwaya uliyosoma darasani. Uchambue kwa kutumia hatua nne ulizojifunza hapo juu.

Swali la tano ndilo la muhimu kuliko yote, kwa hiyo usiliruke. Fungua kitabu chako leo, tafuta mahali mhusika anapoimba, hata kama ni mistari miwili tu ya wimbo wa kilio au wa kazi. Jiulize: angeyasema haya kwa maneno ya kawaida, nini kingepotea? Ukishapata jibu, liandike kwa maneno yako mwenyewe. Kisha rudi kwenye karatasi uliyoandika mwanzoni mwa somo hili, na uongeze pale palipopungua.